Akiba Haiozi, Jino Huoza: Bima ya Meno na Mkazi wa Mbumbuni

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa kuitazama methali hii kwa maana yake ya ndani, kwamba kitu cha bandia hakiwezi kuchukua nafasi ya kitu cha asili. Ni nadra mtu kuirudisha mahali ilikoanzia, yaani kinywani mwa mtu aliyepoteza jino. Kwa mzee wa Mbumbuni anayeandaliwa sahani ya muthokoi, kisha akalazimika kuchagua maharagwe laini na kuziacha punje za mahindi ukingoni mwa sahani, methali hiyo haina haja ya kufasiriwa. Mzee huyo anaijua kwa ulimi wake, kila unapopita penye pengo.

Mbumbuni ni soko lililo upande wa Mbooni katika Kaunti ya Makueni. Wakazi wake wengi ni wakulima wa mahindi, kunde, mbaazi, pojo na maembe, na mapato yao hufuata mvua na msimu. Miongoni mwao pia wamo walimu, wafanyabiashara wadogo, waendeshaji bodaboda na wazazi ambao watoto wao wameajiriwa Nairobi, Machakos au Mombasa. Katika jamii ya namna hii, swali la bima ya meno huingia kwa njia mbili. Huingia kupitia kwa wakala wa bima anayezungumza na mwalimu ofisini, au kupitia kwa mtoto aliye mjini ambaye humpigia simu mama yake na kumwambia, "Mwaitu, nataka nikulipie bima, na ya meno ndani yake." Mama hujibu kwa kuuliza bei. Akishaambiwa bei hunyamaza, maana anajua fedha hizo zingeweza kununua nini.

Makala haya yanajadili swali ambalo mama huyo hakulitamka: je, bima ya meno inastahili gharama yake? Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba, kwa mkazi wa Mbumbuni asiye na mshahara, bima ya meno inayonunuliwa peke yake kwa fedha za mfukoni haistahili gharama hiyo mara nyingi. Sababu si kwamba meno hayana thamani. Sababu ni kwamba bima hiyo, kwa jinsi ilivyoundwa, humlipia mtu pale ambapo angeweza kujilipia na kumwacha pale anapozidiwa.

Maana ya Bima

Neno bima, ambalo linatumika pia katika Kihindi na Kiajemi, ni neno la biashara. Ingawa neno ni la kuja, dhana yenyewe si ngeni Ukambani. Wakamba wana mwethya, yaani kikundi cha watu wanaosaidiana kwa zamu katika kulima, kuchimba matuta na kujenga. Anayejenga leo husaidiwa na wale atakaowasaidia kesho. Aliyefiwa huchangiwa na wale ambao siku moja atawachangia. Bima hufuata mantiki hiyo hiyo: watu wengi hutoa kidogo ili mmoja atakayepatwa na balaa asiangamie.

Lakini mantiki hiyo ina sharti. Balaa linalowekewa bima linapaswa kuwa la nadra, kubwa, na lisilotabirika litampata nani. Nyumba kuungua ni balaa la namna hiyo. Mtu kugongwa na gari ni balaa la namna hiyo. Watu elfu moja wakichanga, na nyumba moja au mbili zikaungua, mchango mdogo wa kila mmoja hutosha kuzijenga upya.

Jino halifuati sharti hilo. Tatizo la meno si la nadra. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba magonjwa ya kinywa yanawapata watu wapatao bilioni 3.5 duniani, na kwamba watatu kati ya kila wanne kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Ugonjwa unaokaribia kumpata kila mtu hauwezi kulipiwa na wale ambao haukuwapata, kwa kuwa watu hao ni wachache mno. Ndiyo maana kampuni ya bima inapouza bima ya meno hujilinda kwa kuweka vikomo na masharti ambayo polepole huigeuza bima kuwa kitu kingine. Hugeuka kuwa njia ya kulipa mapema gharama ambayo mtu angeilipa baadaye, pamoja na faida ya kampuni juu yake.

Jino Huharibika Vipi?

Ili kupima thamani ya bima hii, inafaa kukumbuka jinsi jino linavyooza. Bakteria waliomo kinywani hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo hudhoofisha gamba gumu la nje la jino. Katika hatua hii hakuna maumivu, na mtu hana habari. Kisha tundu hupenya hadi kwenye tabaka laini la ndani, na mtu huanza kusisimkwa anapokunywa maji baridi au chai moto. Hatimaye uozo hufika kwenye kiini chenye neva na mishipa ya damu. Hapo ndipo usiku huwa mrefu, shavu huvimba, na mtu hufunga kitambaa kichwani akisubiri kuche.

Gharama nayo hupanda kwa hatua hizo hizo. Tundu dogo huzibwa kwa muda mfupi na kwa fedha zinazoweza kupatikana. Jino lililofikiwa kiini linahitaji kusafishwa mzizi na kufunikwa, kazi inayochukua ziara kadhaa na fedha nyingi zaidi. Lililoshindikana hung'olewa, na kung'oa ni rahisi kuliko kusafisha mzizi. Kwa sababu hiyo, maskini hung'oa na tajiri hutibu. Methali inayosema usipoziba ufa utajenga ukuta inaeleza jambo hili kwa ukamilifu, isipokuwa kwamba ukuta ukibomoka unaweza kujengwa tena, ilhali jino la ukubwani likishang'olewa haliroti tena hata kwa ndoto.

Hapa pana hoja muhimu. Uozo wa meno huenda polepole, huonekana ukitafutwa mapema, na unaweza kuzuilika kwa kiasi kikubwa. Kinachomgharimu mkazi wa Mbumbuni si ukosefu wa bima peke yake. Kinachomgharimu ni kwamba hufika kwa daktari siku ya maumivu. Bima isiyombadilishia siku ya kufika kwa daktari haijamsaidia.

Hesabu ya Ada na Kikomo

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme mtu mmoja anatakiwa kulipa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka kwa ajili ya meno, na mkataba unaweka kikomo cha shilingi 20,000. Maana yake ni kwamba kampuni haitalipa zaidi ya kiasi hicho katika mwaka mmoja, liwalo na liwe.

Mwaka wa kwanza mtu huyu ana meno mazima. Anasafishwa na kung'olewa gego moja bovu, na jumla ya gharama ni shilingi 4,000. Amelipa 6,000 kupata huduma ya 4,000. Amepoteza 2,000.

Mwaka wa pili hana tatizo lolote. Amepoteza 6,000 zote, maana ada ya bima hairudi wala haihamii mwaka unaofuata.

Mwaka wa tatu anapatwa na matatizo makubwa. Meno mawili yanahitaji kusafishwa mizizi na kufunikwa, na gharama inafika shilingi 45,000. Bima inalipa 20,000 na kusimama. Anabaki na deni la 25,000, juu ya 6,000 alizokwisha kulipa.

Katika miaka mitatu ametoa ada ya 18,000, amelipiwa tiba ya 24,000, na bado alilazimika kutafuta 25,000 kwa mkupuo. Kama angeziweka zile 18,000 kando, angelipa 4,000 za mwaka wa kwanza na kubaki na 14,000 za kuanzia mwaka wa tatu. Tofauti kati ya aliyekuwa na bima na aliyeweka akiba ni shilingi 6,000 tu, na hiyo ni katika mfano ambao mtu alipatwa na msiba mkubwa wa meno. Msiba huo usipotokea, mwenye akiba anaibuka mbele. Ukizidi, wote wawili wanauza mbuzi.

Takwimu za mfano huu zinaweza kubadilishwa, na msomaji anaalikwa aweke zake. Umbo la hesabu halibadiliki sana. Faida kubwa kabisa ambayo bima ya namna hii inaweza kuleta ni kikomo kikiondolewa ada, hapa ikiwa shilingi 14,000. Bima ya kweli hufanya kinyume: humwacha mtu ajilipie madogo na kumbeba katika makubwa.

Yaliyomo Katika Mkataba

Ada na kikomo si mwisho wa habari. Mikataba mingi ya meno huwa na masharti mengine manne ambayo yana uzito wa pekee kwa mkazi wa Mbumbuni.

La kwanza ni kipindi cha kungojea. Mtu hulipa leo lakini haruhusiwi kutibiwa hadi miezi kadhaa ipite, na tatizo lililokuwapo kabla ya kujiunga huweza kukataliwa kabisa. Kwa mtu anayefikiria bima kwa sababu jino tayari linamuuma, sharti hili peke yake linatosha kuibatilisha nia yake.

La pili ni umri. Kampuni nyingi za bima ya afya huweka ukomo wa umri wa kujiunga. Mtoto anayetaka kumlipia mama yake mwenye miaka 70 huenda akakuta mlango umefungwa, au ada imepanda kuliko faida. Aidha, meno ya bandia, ambayo ndiyo haja halisi ya wazee wengi, mara nyingi hutengwa au huwekewa kikomo kidogo.

La tatu ni urembo. Bima hulipia maradhi, hailipii sura. Katika maeneo kame ya Kenya, Ukambani ukiwamo, baadhi ya visima virefu hutoa maji yenye floridi iliyozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekulia kwenye maji hayo huota meno ya ukubwani yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hauwezi kuyaondoa. Kijana huyo hujifunza kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Ni jeraha la kweli, lakini mkataba huliita urembo. Inafaa kukumbuka kwamba sura ya meno ilikuwa jambo zito miongoni mwa Wakamba tangu zamani. Mtafiti wa Uswidi, Gerhard Lindblom, katika kitabu chake kuhusu Wakamba kilichotolewa mwaka 1920, alieleza desturi yao ya kuchonga meno ya mbele yakawa na ncha. Jamii iliyokubali uchungu wa patasi kwa ajili ya tabasamu haiwezi kuambiwa kwamba tabasamu ni anasa.

La nne ni umbali. Bima hutumika katika vituo vilivyoorodheshwa tu, na vituo hivyo aghalabu viko mijini. Mtu wa Mbumbuni hulazimika kusafiri hadi Wote au Machakos, kulipa nauli ya kwenda na kurudi, na kupoteza siku ya kazi. Tiba ya kusafisha mzizi inaweza kumrudisha huko mara mbili au tatu. Nauli haimo katika bima, lakini imo katika gharama.

Hoja za Wanaoitetea

Wanaoitetea bima ya meno wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Hoja yao yenye nguvu zaidi si ya hesabu bali ya tabia. Wanasema kwamba akiba haiozi, lakini huliwa. Mkulima aliyeuza maembe na kuweka kando fedha za meno atazitoa Januari karo ya shule itakapodaiwa, na atazitoa tena mvua itakapokosa kunyesha. Aliyelipa bima hawezi kuzitoa. Isitoshe, mtu aliyekwisha kulipa hupenda kutumia alicholipia. Huenda kuangaliwa meno hata kama hayamuumi, na huko ndiko tundu dogo huonekana likiwa bado dogo.

Hoja hii ni ya kweli, na makala haya yanaikubali kwa sehemu. Udhaifu wake ni kwamba inasifu nidhamu, kisha inaidhania kuwa mali ya bima. Nidhamu hiyo inaweza kupatikana kwa njia nyingine ambayo Ukambani inaijua vyema, nayo ni chama. Kikundi cha watu ishirini wanaoaminiana kinaweza kutenga sehemu ya mchango wa kila mwezi kuwa mfuko wa meno usioguswa kwa karo wala kwa harusi, na kuweka sharti kwamba kila mwanachama aangaliwe meno mara moja kwa mwaka kabla ya kugawana faida. Fedha zitafungwa kama zinavyofungwa na bima, lakini zisipotumika zitabaki kuwa zao. Hiyo ni mwethya ya meno.

Watetezi husema pia kwamba jino linaweza kuua. Ni kweli. Usaha wa gego unaweza kushuka kwenye shingo na kuziba njia ya hewa. Ajali ya bodaboda inaweza kuvunja taya. Saratani ya kinywa ipo. Hata hivyo, mambo hayo humpeleka mgonjwa katika wodi na chumba cha upasuaji, na mahali pake panapofaa ni bima ya afya ya jumla. Hayo ndiyo mabalaa ya nadra na makubwa ambayo bima ilibuniwa kwa ajili yake. Mtu anayeacha kulipa bima ya jumla ili anunue ya meno amelinda ua na kuiacha nyumba wazi.

Kuna, hatimaye, watu ambao kwao bima ya meno inafaa waziwazi. Mwalimu au mtumishi wa umma ambaye mwajiri wake amemwekea bima inayogusa meno hana sababu ya kutoitumia, kwa maana gharama yake imekwisha kulipwa. Kosa kubwa la watu wa kundi hili ni kuiacha hadi siku ya maumivu. Vivyo hivyo, mtu anayejua kwamba atahitaji tiba fulani, akathibitisha kwa maandishi kwamba mkataba hauitengi, na kituo kikawa karibu naye, anaweza kufaidika.

Jino Katika Bima ya Umma

Swali la mkazi mmoja mmoja haliwezi kutenganishwa na swali la taifa. Kwa nini jino linahitaji bima yake? Hakuna anayeuza bima ya goti. Sehemu ya jibu imo katika historia. Mwaka 1840 chuo cha kwanza cha kufunza udaktari wa meno kilianzishwa Baltimore, Marekani, nje ya chuo cha udaktari wa mwili, na tangu hapo kinywa na mwili vikafuata njia mbili. Marekani ilipoanzisha bima ya wazee mwaka 1965, tiba ya kawaida ya meno iliachwa nje. Uingereza ilijaribu kinyume chake. Mwaka 1948 ilianzisha huduma ya afya ya taifa iliyotibu hata meno bila malipo, lakini watu waliojitokeza walikuwa wengi mno hivi kwamba kufikia mwaka 1951 meno ya bandia yalianza kutozwa fedha. Hata katika nchi tajiri, hazina inapopungukiwa, jino huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutolewa.

Kenya ilianzisha hazina ya taifa ya bima ya hospitali mwaka 1966. Kama jina lake lilivyodokeza, chimbuko lake lilikuwa kitanda cha hospitali, na mwenye jino bovu halali hospitalini. Tarehe 1 Oktoba 2024 hazina hiyo ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2023. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake, na kiwango cha chini cha mchango ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kaya isiyo na mshahara hukadiriwa uwezo wake na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka.

Makueni yenyewe ina historia inayostahili kukumbukwa. Mwaka 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kaunti ilizindua mpango ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika vituo vya kaunti bila kudaiwa tena. Mpango huo ulithibitisha kwamba mkulima wa Ukambani hachukii bima. Alilipa kwa hiari, kwa sababu alielewa anacholipa, kituo alikijua, na kiasi kilikuwa ndani ya uwezo wake. Aliyekataa bima nyingine hakuwa mjinga wa bima. Alikuwa amepiga hesabu.

Funzo ni kwamba jino la mkazi wa Mbumbuni litaokolewa zaidi na kiti cha daktari wa meno kilicho karibu na kinachofanya kazi kuliko kadi ya bima iliyo mfukoni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floridi na baadhi ya vitu vya kuzibia meno katika orodha yake ya dawa muhimu. Vitu hivyo havihitaji hospitali kubwa. Dai la wananchi kwa serikali ya kaunti na ya taifa linapaswa kuwa hilo: kuziba meno kuwe huduma ya msingi, kama chanjo ilivyo.

Lugha ya Mkataba

Hapa wasomaji wa jarida hili wanahusika moja kwa moja. Mambo yote yaliyojadiliwa hapo juu, yaani kikomo, kipindi cha kungojea, tiba zilizotengwa na orodha ya vituo, huandikwa katika mikataba kwa Kiingereza cha kisheria, tena kwa herufi ndogo. Wakala huyaeleza kwa Kiswahili cha haraka au kwa Kikamba, na huchagua ya kueleza. Mnunuzi hutia sahihi kwenye lugha moja baada ya kusikia lugha nyingine.

Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na huduma anayoilipia. Habari iliyo katika lugha asiyoielewa mnunuzi si habari. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu hutoa kila mwaka tasnifu nyingi kuhusu tafsiri na istilahi. Ingefaa baadhi ya tasnifu hizo zitafsiri mkataba mmoja wa bima hadi mwisho, kwa Kiswahili ambacho mama wa Mbumbuni anaweza kusomewa na mjukuu wake jioni, akauelewa na kuukosoa. Mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini nayo ingeweza kuzitaka kampuni zitoe muhtasari wa Kiswahili kabla ya sahihi kutiwa. Bima nchini Kenya bado haifiki asilimia 3 ya pato la taifa, na huenda sehemu ya sababu ni kwamba watu hukataa wasichokielewa. Wana haki ya kukataa.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mkazi wa Mbumbuni anayefikiria bima ya meno anaweza kujiuliza maswali machache. Kikomo ni mara ngapi ya ada? Tiba ninayoihitaji imo au imetengwa? Nitangoja muda gani? Kituo kiko wapi na nauli ni kiasi gani? Ada hii inatoka kwa mwajiri, au inatoka katika unga wa watoto? Majibu yakiwa mazuri, na alipe. Yakiwa mabaya, adumishe bima ya jumla kwa ajili ya mabalaa makubwa, aweke akiba ya meno katika chama, apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, apunguze sukari katika chai ya watoto, na amwone daktari wa meno angali anacheka.

Yule mama aliyenyamaza kwenye simu baada ya kutajiwa bei hakuwa na makosa. Lakini mtoto wake anaweza kumpigia tena na kumwambia maneno mengine: "Mwaitu, zile fedha za bima nitazituma zote kwenye chama chako. Ila wiki ijayo nitakuja tuende Wote ukaangaliwe meno." Gharama ya safari hiyo ni nauli ya watu wawili na siku moja ya kazi, na huenda ikamwachia mama huyo meno ya kutafunia muthokoi kwa miaka mingi ijayo.